Yai la Hatchimal limeisha madukani na Krismasi imebaki wiki tatu: nifanyeje?

Mama Neema (Columbus, Ohio), Jumamosi 3 Desemba 2016

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wazazi wenzangu, hasa mnaoishi Marekani na Kanada, kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima, ingawa najua wapo watakaoliona kuwa ni dogo.

Binti yangu ana miaka saba. Tangu mwezi wa kumi anaomba kitu kimoja tu kwa ajili ya Krismasi, nacho ni Hatchimal, yaani lile yai kubwa la plastiki ambalo ndani yake mna kidege cha manyoya chenye mashine. Mtoto akilishika, akilipapasa na kuligonga kwa kidole, kilichomo humjibu kwa sauti na kwa mwanga wa macho unaoonekana kupitia ganda, hadi mwishowe kinalitoboa ganda chenyewe kwa mdomo na kutoka. Mwenzake wa darasani alinunuliwa mara tu yalipoanza kuuzwa Oktoba, na binti yangu alikuwepo siku lilipopasuka. Alirudi nyumbani akanisimulia kwa nusu saa nzima, neno kwa neno, jinsi macho yalivyobadilika rangi. Nikamwambia, "Nitakununulia, mwanangu," na nilimaanisha.

Bei yake dukani ni kama dola 60. Mimi ninahudumia wazee zamu ya usiku, kwa hiyo nilipanga kusubiri mshahara wa mwisho wa Novemba, nikishalipa kodi ya nyumba na kumtumia mama yangu fedha za dawa kule Machame. Mshahara ulipoingia, mayai yalikuwa yameisha. Nimezunguka maduka sita, mengine mara mbili, nikitoka kazini asubuhi kabla hata ya kulala. Mtandaoni wanaoyauza tena wanadai dola 150, na wengine wanapita 200. Jana mtu mmoja aliniambia analo la dola 120, lakini akataka kwanza nimtumie namba za kadi ya zawadi, nikaingiwa na shaka nikaacha.

Naomba mnisaidie kujua kama ipo njia ya kulipata kwa bei ya dukani kabla ya tarehe 25, na kama haipo, je, ni busara kulipa hiyo dola 200? Na nisipolipa, nitamwambia nini mtoto ambaye hajaniomba kitu kingine chochote mwaka huu?

Kaka wa Ghalani (Dallas), Jumamosi 3 Desemba 2016

Pole sana, dada. Huu ni mwaka wangu wa nne nikipokea mizigo katika duka moja kubwa, na Novemba yote tumekuwa tukiulizwa swali hilo mara nyingi kwa siku, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa upande wetu wa nyuma.

Kwanza, huyo wa kadi ya zawadi ni tapeli, na umefanya vyema kuacha. Fedha ikishatoka kwa njia hiyo hairudi, na hakuna benki itakayokusikiliza.

Pili, mzigo hufika usiku na hupangwa rafuni kabla ya milango kufunguliwa. Mayai haya hayaji kwa wingi; utakuta duka zima limepata sanduku moja au mawili, na mara nyingi wakubwa huyaweka hadi Jumapili, siku linapotoka tangazo la karatasi la wiki. Kwa hiyo kuzunguka kwako Jumanne mchana, hata ukazunguka maduka ishirini, hakutakusaidia kama kufika Jumapili alfajiri, saa moja au zaidi kabla ya kufunguliwa. Pakiwa na foleni, muulize mfanyakazi kama wanagawa tiketi, kwa sababu maduka mengine hugawa karatasi zenye namba kulingana na idadi ya mayai yaliyopo, na asiye na karatasi huambiwa mapema aende nyumbani.

Tatu, ukipiga simu usiulize tu, "Mna Hatchimal?" Anayepokea amechoka na swali hilo na atajibu hapana bila kunyanyuka. Tafuta picha ya boksi mtandaoni, uandike namba zilizo chini ya ile mistari myeusi, umsomee, kisha umwombe kwa upole atazame kwenye kompyuta kama mzigo uko njiani. Muulize pia lori la vitu vya kuchezea hushusha siku gani, maana hilo wengi huliacha. Piga kila siku kwa saa ileile. Baada ya siku nne au tano wataijua sauti yako, na mimi mwenyewe nimewahi kumpigia mama mmoja kumwambia awahi.

Jambo la mwisho, tafadhali lizingatie sana. Usinunue lililotolewa kwenye boksi, hata kama muuzaji anaapa kwamba halijatumika. Yai hulala wakati limefungwa, na huamka pale vishikizo vya plastiki vilivyo chini ya boksi vinapotolewa. Tangu hapo safari yake imeanza, na ganda hupasuka mara moja tu. Ukiuziwa lililokwisha kupasuka, binti yako atapata kidege, lakini kile alichokiona kwa mwenzake, na ambacho ndicho anachokitamani, hatakipata.

Shangazi wa Houston, Jumapili 4 Desemba 2016

Mwanangu Mama Neema, nimesoma maneno yako nikajiona mimi wa mwaka 1996. Nilikuwa na miaka miwili tu katika nchi hii, na mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Mwaka huo kilichotafutwa ni mwanasesere mwekundu wa Elmo, ambaye ukimminya tumboni anacheka na kutetemeka. Dukani alikuwa chini ya dola 30. Alipoonyeshwa kwenye kipindi cha televisheni cha Rosie O'Donnell mwezi Oktoba, akaisha kila mahali, na magazetini watu wakawa wanatangaza kumuuza kwa mamia ya dola. Huko Fredericton, Kanada, mfanyakazi wa duka alionekana usiku akiwa amebeba sanduku la wanasesere hao, na watu wapatao 300 wakamvamia wakamkanyaga, akavunjika ubavu.

Wenyeji waliniambia hayo hayakuanza siku hiyo. Mwaka 1983 walikuwa wamepigana madukani kwa ajili ya wanasesere wa Cabbage Patch, na tarishi mmoja wa Kansas City alipanda ndege hadi London kumnunulia binti yake, kwa kuwa kule walikuwa bado wapo. Baada ya Elmo, mwaka 1998, ikaja zamu ya Furby. Nimekaa hapa miaka 22 na nimeona kwamba kila baada ya miaka michache kipo kitu kimoja, na kila mara wazazi wanadhani ni mwaka wao tu.

Mimi nililipa dola 180. Nilimlipa mtu katika eneo la kuegesha magari, usiku, na fedha hiyo ilikuwa sehemu ya ada ya mdogo wangu aliyekuwa kidato cha tatu nyumbani. Mdogo wangu alikaa nje ya shule wiki tatu za Januari. Mwezi wa pili nilikwenda dukani kununua sabuni, nikamkuta Elmo amepangwa rafuni kwa bei ileile ya chini ya dola 30, wengi tu, hakuna anayewagombania. Nilisimama pale muda mrefu. Ndipo nilipoelewa kwamba mwanasesere nilikuwa nimemnunua kwa dola 30, na zile 150 zilizobaki nilikuwa nimenunua tarehe.

Sikwambii usilipe, kwa sababu mimi nililipa na najua uchungu ulionisukuma. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kutoa hiyo dola 200, ujiulize kama tarehe 25 yenyewe ina thamani ya dola 140 kwa binti yako, na ni nani atakayezikosa fedha hizo. Umetaja dawa za mama yako.

Baba Wawili (Nairobi), Jumapili 4 Desemba 2016

Kwa heshima zote, mimi naona tunawazoesha watoto vibaya. Sisi Krismasi tulipata nguo mpya, soda na chapati, na tulifurahi. Mtoto wa miaka saba aambiwe ukweli kwamba kitu hakipo na fedha haitoshi, na maisha yaendelee. Kukimbia kutoka duka hadi duka baada ya kukesha kazini ni kujitesa bure, na kunaweza hata kuleta ajali barabarani.

Shangazi wa Houston, Jumapili 4 Desemba 2016

Baba Wawili, kuhusu kuendesha gari na usingizi uko sahihi kabisa, na Mama Neema akusikie. Lakini kumbuka kwamba chapati zetu zilitutosha kwa sababu kila nyumba ya jirani ilikuwa na chapati. Mtoto huyu tarehe 3 Januari atarudi darasani, na kila mmoja ataulizwa alipewa nini. Hakuchagua kuzaliwa mbali na binamu zake. Kumwambia ukweli ni sawa, ila huo ukweli nao unahitaji kuandaliwa.

Mswahili wa Toronto, Jumapili 4 Desemba 2016

Salaam kwenu. Kampuni inayotengeneza mayai haya, Spin Master, ni ya hapa Toronto. Ilianzishwa mwaka 1994 na vijana watatu waliosoma pamoja, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa kichwa kidogo cha mapambo ambacho ukikimwagia maji huota nyasi mfano wa nywele. Nayaeleza haya kwa sababu wapo Marekani wanaodhani kwamba, kwa kuwa kampuni ni ya huku, huku mayai yamejaa. Sivyo. Hapa pia rafu ni tupu, na mke wangu amejiandikisha katika maduka matatu.

Kwa hiyo usije ukaendesha gari kutoka Ohio kupitia Detroit ukitarajia kulipata Windsor, upande wa Kanada. Zaidi ya kupoteza siku, kuna suala la karatasi. Kama hadhi yako ya ukaazi bado inashughulikiwa, kuvuka mpaka kunaweza kukufungia mlango wa kurudi, na hakuna zawadi inayostahili hatari hiyo.

Habari njema ni kwamba kampuni yenyewe imetangaza kuwa haikutarajia wanunuzi wengi kiasi hiki, imeongeza uzalishaji, na mzigo mwingine utafika mwanzoni mwa 2017. Wamewaonya pia wazazi dhidi ya wanaopandisha bei na dhidi ya mayai bandia. Alichosema Shangazi kuhusu mwezi wa pili huenda safari hii kikatokea mapema zaidi. Baadhi ya maduka yanapokea malipo sasa kwa ajili ya mzigo wa Januari, kwa bei ya kawaida. Ukipata nafasi hiyo, lipia, kisha uiweke risiti katika bahasha nzuri yenye jina la binti yako.

Mwalimu Mstaafu (Moshi), Jumapili 4 Desemba 2016

Mama Neema, salaam kutoka nyumbani. Mimi sijui maduka ya huko, lakini nimefundisha darasa la pili kwa miaka mingi, na nimelisoma swali lako nikitafuta ni nini hasa kilichomvuta mtoto. Umesema alikusimulia nusu saa jinsi macho yalivyobadilika na ganda lilivyopasuka. Hukusema kwamba alisimulia kidege kikicheza baadaye. Mtoto huyu amevutiwa na kungoja kitu kilicho hai ndani ya yai.

Sasa hesabu nami. Leo ni tarehe 4 Desemba. Yai la kuku huatamiwa siku 21. Kuku akiwekewa mayai leo jioni, siku ya 21 ni tarehe 25. Umesema mama yako yuko Machame, na sijawahi kuona bibi wa Machame asiye na kuku. Kama anaye koo aliyeanza kuatamia, amwekee mayai kumi au kumi na moja leo hii, si zaidi, ili yote yapate joto chini ya mbawa. Ampe mjukuu wake mayai mawili yawe yake kwa jina, ayaandike kwa penseli. Siku ya saba usiku ayamulike kwa tochi gizani, na mjukuu ataona kwenye picha ya simu mishipa myekundu kama mizizi, na yale yasiyo na kitu yataonekana meupe. Kuanzia siku ya 18 kuku asisumbuliwe hata kidogo. Siku ya 20 au 21 ukilisogeza yai sikioni unasikia kifaranga kikilia ndani kabla ganda halijapata hata ufa, na ufa ukishaonekana, huweza kuchukua nusu siku au zaidi kutoka. Mwambie mtoto mapema kwamba kuku hafuati kalenda, na huenda wakatoka siku moja kabla au baada.

Sisemi kwamba hili litachukua nafasi ya ahadi uliyotoa. Ahadi ya Hatchimal uitimize mwezi wa kwanza kama alivyosema ndugu wa Toronto. Lakini kati ya leo na Krismasi atakuwa na yai la kungoja.

Mama Neema (Columbus), Jumapili 4 Desemba 2016

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Shangazi, na asanteni kaka zangu nyote, pamoja na Baba Wawili, ambaye amenikumbusha kuhusu usingizi barabarani na nimemsikia.

Nimempigia mama sasa hivi, kule ni usiku wa saa tatu. Anaye kuku mwekundu aliyegoma kutoka kiotani tangu Ijumaa. Amewasha tochi akaenda bandani nikiwa bado nipo kwenye simu. Amemwekea mayai kumi na moja.

Kaka wa Ghalani (Dallas), Jumapili 18 Desemba 2016

Dada, vipi? Umefanikiwa dukani?

Mama Neema (Columbus), Jumatatu 19 Desemba 2016

Hapana, kaka. Jumapili ya tarehe 11 nilifika saa kumi na moja alfajiri nikawa wa ishirini na mbili, na karatasi zilikuwa kumi na mbili. Jana sikwenda, kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili. Nimelipia la mzigo wa Januari, dola 59 na senti, na risiti iko kwenye bahasha.

Binti yangu nimemweleza yote Jumatano iliyopita. Nilimwambia kwamba nilichelewa, kwamba mayai yaliisha kabla sijapata fedha, kwamba nimelipia na litakuja mwezi ujao. Alilia, sitawaficha. Alilia kwa kama dakika kumi, kisha akaniuliza kama mayai ya bibi nayo yanaweza kuisha. Picha za tochi za siku ya saba amezibandika ukutani, na yai moja kati ya yale mawili aliyopewa lilionekana jeupe. Bibi alimwomba achague jingine, akakataa, akasema atangoja hilohilo moja.

Mama Neema (Columbus), Jumapili 29 Januari 2017

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, maana si vyema kuomba ushauri kisha kunyamaza.

Vifaranga wanane walitoka. Wa kwanza alitoka alfajiri ya tarehe 25 kwa saa za nyumbani, ambayo huku ilikuwa bado jioni ya mkesha, na binti yangu alikuwa amekaa nami jikoni na simu imeegemezwa kwenye kikombe. Picha ilikuwa inakatika kila mara, na mama alikuwa anaishika simu upande, lakini tulisikia mlio. Yai lake yeye lilipasuka kesho yake mchana, yeye akiwa amelala, na bibi alimrekodia. Ameitazama ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hatchimal lilifika dukani wiki iliyopita na nimelichukua jana. Nilikuwa na hofu, kwa sababu baada ya Krismasi wazazi wengi walilalamika kwamba mayai yao hayakupasuka kabisa, hata kampuni ikaomba radhi na kuongeza watu wa kupokea simu. La kwetu limepasuka. Kabla ya kuligonga kwa kidole kama maelekezo yanavyosema, aliliweka tumboni ndani ya sweta na kulala nalo kwenye kochi saa nzima, akiniambia nizime televisheni kwa sababu kuku anayeatamia hasumbuliwi. Macho yalipoanza kutoa rangi zote kwa pamoja, alimpigia bibi simu yeye mwenyewe, na wakalitazama wote wawili hadi mwisho. Mama yangu aliuliza kama nalo litataka kulishwa.

Shangazi, zile dola 140 ambazo sikuzitoa zimekwenda Machame, sehemu kwa dawa na sehemu kwa wavu wa kufunika banda, ambao umechelewa kidogo kufika. Vifaranga sasa wamebaki saba. Mmoja alichukuliwa na mwewe Jumanne, naye ndiye aliyekuwa wa binti yangu, na mimi na mama bado tunashauriana tutamwambiaje.